Nyumba ya Ambrož Iko Njiani

Chicago, 14 Machi 1886

Mama mkwe mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia "milele amina" na sasa unavaa miwani utafute kasoro, kwa hiyo nitajitahidi nisikupe nyingi.

Mimi ni mzima. Mikono imekuwa migumu, ila mgongo bado ni wangu. Nipo palepale kwenye yadi za mbao, huku mtaani kwetu Wacheki, na kazi haiishi kwa sababu mji huu hauishi kujengwa. Meli zinaleta mbao kutoka kaskazini ya ziwa, sisi tunazishusha, na kabla hatujafuta jasho mbao zile zimeshakuwa nyumba na ndani yake kuna mama wa Kipoland anakaanga vitunguu. Ukilala mwisho wa mji, ukiamka uko katikati.

Sasa habari yenyewe. Nimenunua nyumba. Siku naondoka Borová Lhota, miaka mitatu iliyopita, ulisimama mlangoni ukasema, majirani wote wakisikia, kwamba Apolena na mtoto hawavuki maji mpaka niwe na nyumba yangu mwenyewe. Si chumba cha kupanga, wala kitanda nyuma ya pazia la watu. Siku ile sikukujibu kwa sababu ulikuwa na haki. Leo nakujibu.

Ni nyumba ya mbao, vyumba vinne, jiko la chuma lisilotoa moshi ndani. Vigae vya paa nimevipiga upya kwa mikono yangu. Mlango unatazama mawio ya jua, na nimeupaka rangi ya kijani. Jirani yangu ni mjane wa Kiayalandi, Bi Geraghty, mwenye mabata bukini wakali kuliko polisi wa hapa, na wao hawapokei rushwa.

Nakuomba kwa heshima zote umruhusu Apolena aje na Liduna kabla ya majira ya baridi. Nilipoondoka mtoto hakuwa na jino hata moja. Nasikia siku hizi anauma watu. Nami ningependa kuumwa.

Mkweo mtiifu,
Ambrož Šindelář


Borová Lhota, 20 Aprili 1886

Ambrož,

Milele amina. Miwani nilivaa, ndiyo.

Hongera kwa nyumba, kama ipo. Usinune. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Unamkumbuka binamu yangu Viktorie, yule aliyeitwa na mumewe kule Nebraska. Mume aliandika kwamba nyumba iko tayari, kuta zake nene, ya joto wakati wa baridi na ya baridi wakati wa joto. Viktorie akauza ng'ombe, akavuka bahari na watoto wanne, akafika akakuta shimo. Limechimbwa ubavuni mwa kilima na kuwekewa mlango. Mvua ikinyesha, nyoka wanadondokea kwenye supu. Na kila alichoandika yule bwana kilikuwa kweli. Alisahau tu neno moja, shimo.

Kwa hiyo mimi nauliza. Hapa kwetu mtu hafuati mume, anafuata nyumba. Wewe mwenyewe ulizaliwa Šindelář, lakini ulipooa ukaingia kwetu, kijiji kizima kikakuita Ambrož wa kwa Vondruška, na hata padri akitaka kukutaja kwa jina la baba yako ilibidi afikiri kwanza. Nyumba ndiyo inayomjua mtu. Haya niambie, hiyo yako ina jina gani? Kulia kuna nani, kushoto kuna nani? Dirisha la jikoni linatazama nini? Mtu akitoka kisimani na ndoo anapita wapi? Niandikie yote, ili nikifumba macho nimwone binti yangu amesimama wapi. Nikishamwona, tutaongea habari ya safari.

Liduna anauma kweli. Juzi amemng'ata mwalimu.

Rozálie Vondrušková


Chicago, 27 Juni 1886

Apolena wangu,

Barua hii ni yako peke yako. Najua mama hasomi barua za watu hata zikiachwa wazi mezani, ndiyo fahari yake. Lakini usiiache mezani.

Niseme kweli. Nyumba nimenunua, ardhi sikununua. Hapa ni jambo la kawaida. Mwenye kiwanja alitaka kujenga ghorofa la matofali, maduka chini na wapangaji juu, na ile nyumba ya mbao ilikuwa inamkera. Akaniuzia kwa bei ya kutupa kwa sharti moja, niiondoe. Hakusema niivunje. Alisema niiondoe.

Basi nimeiondoa, nami nikiwa ndani. Wanainua nyumba kwa jeki, kidogo upande huu, kidogo upande ule. Wanapitisha maboriti mazito chini yake, kisha magogo ya mviringo. Mbele kabisa, katikati ya barabara, wanasimika ngoma kubwa ya mbao, na farasi mmoja anaizunguka kutwa nzima. Kamba iliyofungwa kwenye nyumba inajikunja kwenye ngoma, nyumba inakuja. Inakuja polepole kiasi kwamba kuku wanaipita. Nilichemsha kahawa yangu kama kawaida, nikakaa dirishani, nikawa nasalimia watu. Tulipofika mbele ya kanisa kulikuwa na arusi inatoka, na bwana arusi akanivulia kofia akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia naelekea nyumbani. Mke, nilitamani ungekuwa hapo ukanicheka.

Sasa nimekaa nyuma ya tanuri la mwoka mikate wa Kijerumani, Bwana Dollinger, kwenye kiwanja cha kukodi. Mlango unatazama kaskazini. Kila asubuhi naamshwa na harufu ya mikate, ningeweza kuzoea.

Mama usimwambie bado. Kwake nyumba isiyo na ardhi ni sawa na suruali isiyo na mtu. Natafuta kiwanja changu, na nikikipata nitamweleza mwenyewe, toka mwanzo hadi mwisho. Maswali yake nitayajibu yote kwa ukweli. Ameuliza kulia kuna nani na kushoto kuna nani. Hakuuliza kama nyumba iko palepale.

Nakukumbuka mpaka naudhika.

Ambrož wako


Borová Lhota, 5 Septemba 1886

Ambrož,

Nimepata barua yako ya Julai. Nzuri sana, ndefu, imejaa maelezo. Nimeisoma, nikaiweka pembeni, nikaenda kukamua maziwa, nikarudi nikaisoma tena.

Mwezi wa tatu mlango wako ulitazama mawio ya jua. Mwezi wa saba unatazama kaskazini. Mwezi wa tatu jirani yako ni mjane wa Kiayalandi mwenye mabata bukini. Mwezi wa saba ni Mjerumani mwenye mikate, na mjane hatajwi, na mabata hawatajwi. Unasema dirisha la jikoni linatazama tanuri. Kisima nilikiuliza, hukukitaja.

Mimi ni mwanamke wa kijijini, lakini jua najua linakotoka. Basi ama wewe hulijui, ama una nyumba mbili. Na mwanamume mwenye nyumba mbili ana majiko mawili, na la pili halijiwashi lenyewe. Sisemi kitu. Naacha hapo.

Nimemuuliza Apolena anafikiri nini. Ameinamia ndoo akaanza kukohoa. Alikuwa anacheka, mimi si kiziwi, na sijui cha kuchekesha ni nini hapo.

Prokop Zelenka, mtoto wa seremala wetu, amehamia huko kwenu juzijuzi. Ni kinyozi, na vinyozi wana macho. Nimempelekea anuani zako zote mbili ili akatazame. Kama una jambo la kuniambia, niambie kabla yake.

Rozálie Vondrušková


Chicago, 17 Oktoba 1886

Bi Rozálie mheshimiwa,

Shikamoo nyingi kutoka kwangu Prokop, na umsalimie mama yangu, umwambie ninakula vizuri na soksi zimefika.

Nimefanya ulivyoniagiza. Ninaishi upande wa pili wa mto na mji huu bado siujui, ila niliuliza njia mpaka nikafika, nikiwa nimevaa viatu vizuri, jambo ambalo sasa nalijutia. Katika anuani ya kwanza hakuna nyumba ya mbao. Kuna ghorofa la matofali halijaisha, na Waitalia wako juu wanaimba. Nikawauliza habari za Ambrož Šindelář, wakanitupia tufaha.

Nikaenda anuani ya pili, nyuma ya tanuri la mikate. Bi Rozálie, nasikitika kukuandikia. Pale kuna shimo. Ni shimo kubwa la mraba, lina maji chini, na kipande cha bomba la jiko kimelala pembeni. Nikamuuliza mwoka mikate nyumba ya Ambrož iko wapi. Akanijibu, huku anakanda unga wala hajaniangalia, kwamba iliondoka Alhamisi. Nikamuuliza Ambrož mwenyewe je. Akasema ameondoka nayo. Nadhani alikuwa amelewa, ingawa ilikuwa asubuhi.

Polisi niliyemuuliza alicheka mpaka akashika mti. Sikuuliza tena.

Ukipenda niendelee kutafuta, nitaendelea, lakini kwa viatu vingine.

Prokop Zelenka


Borová Lhota, 14 Novemba 1886

Ambrož,

Shimo.

Nilikuuliza kwa wema. Nilikuambia habari ya Viktorie kwa mdomo wangu, na sikuisimulia kwa kujifurahisha. Sasa Prokop amekwenda akakuta shimo lenye maji. Apolena na Liduna wanabaki hapa. Ukitaka mke, nauli ya kurudi unaijua, na kitanda chako kipo.

Siandiki zaidi kwa sababu nimekasirika, na nikikasirika mwandiko unaharibika.

Rozálie Vondrušková


Chicago, 12 Desemba 1886

Mama mkwe,

Ninakuandikia nikiwa nimeketi ndani ya hiyo nyumba. Ipo. Ina joto, ina taa, na theluji iko nje inakostahili kuwa. Prokop hakusema uongo, na mwoka mikate hakulewa. Nyumba iliondoka kweli, siku ya Alhamisi, na mimi nikaondoka nayo.

Nilipaswa kukwambia toka mwanzo. Niliinunua bila ardhi. Hapa mji unakua kwa nguvu hivi kwamba matofali yanafukuza mbao kila siku, na nyumba ikifukuzwa haivunjwi, inahamishwa. Inawekwa juu ya magogo, inavutwa na farasi, inapita barabarani mchana kweupe, na watu wamo ndani wanamenya viazi. Nimeona shule ikipita. Nimeona baa ikipita, na wateja hawakuona sababu ya kutoka. Mabata wa Bi Geraghty, mlango wa mawio, tanuri la Dollinger, vyote vilikuwa kweli, kila kimoja mahali pake. Ni nyumba ileile moja. Jiko ni moja, na anayeliwasha ni mimi, na chakula chake si kizuri.

Sikukwambia kwa kuwa nilikuogopa. Huo ndio ukweli wenyewe, mama, nisiuzungushe. Nilijua utasema nyumba isiyo na mahali si nyumba. Na sikuwa na jibu.

Sasa ninalo. Nimepata kiwanja, changu kwa maandishi, mbali upande wa magharibi ambako sasa hivi ni shamba la kabichi. Wacheki wenzetu wanaanza kujenga huko. Barabara zimeganda, hivyo nyumba imepumzika karibu na reli mpaka matope ya masika yakauke. Halafu itafanya safari yake ya mwisho, nami nitaipigia msingi wa mawe.

Sikuombi uniamini. Ningekuwa wewe, mimi mwenyewe nisingeniamini. Njoo uone. Njoo wewe mwenyewe ugonge ukuta kwa mkono wako. Ukisema si nyumba, nitafunga mzigo nirudi nanyi Borová Lhota, na sitanung'unika. Lakini mwanangu anakua na mimi simwoni, na hilo limenichosha kuliko mbao zote.

Mkweo,
Ambrož


Borová Lhota, 6 Februari 1887

Ambrož wangu mjinga,

Mama alisoma barua yako akiwa amesimama, na mama hasomi kitu akiwa amesimama. Akasema, "Nyumba haitembei." Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, kama anaiuliza sahani.

Nikaona basi, nikamwambia nilijua tangu kiangazi. Nilitegemea nitapigwa na mwiko. Hakufanya kitu. Alimenya viazi vyote vilivyokuwa kwenye kapu, hata vya kesho, na tulipomaliza kula ndipo akatoa hukumu yake. Sikiliza. Anakuja. Tunakuja sote watatu, yeye, mimi na Liduna, kwa meli ya Bremen, baada ya Pasaka. Amekata tiketi ya kurudi, yake tu. Ya kwetu ataikata akishaona. Nyumba ikiwepo, atatuacha hapo na kurudi wakati wa mavuno. Isipokuwepo, anaturudisha sote, na wewe utaburutwa kwa sikio. Hayo ni maneno yake, mimi nayapeleka tu.

Mama mdogo Barbora ndiye ataangalia kuku na bustani mpaka arudi. Maskini Barbora amefurahi kupata sababu ya kutoka kwa mkaza mwanawe, japo mchana tu, kwa miezi michache. Kule amepewa kile kijumba cha nyuma ya zizi, na hata kahawa anaruhusiwa akiomba.

Mama anabeba mfarishi wa manyoya ya bata. Nimemwambia Amerika ina vitanda. Anasema vitanda anaamini, watu ndio hawaamini.

Na mimi niseme langu, ambalo yeye halijui. Ningekuja hata kwenye shimo. Ningekuja toka mwaka juzi. Lakini ananipenda, na anaogopa, na sikutaka kumtoka huku ananuna. Kwa hiyo nakusihi, kwa jina la watakatifu wote wenye subira, nyumba hiyo iwe mahali fulani tutakapofika. Popote. Ila isimame.

Apolena wako


Chicago, 9 Juni 1887

Dada yangu Barbora,

Nakuandikia mezani, na meza inatikisika. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani nimezeeka ghafla.

Bahari sikusimulii. Aliyeivuka anaijua, na asiyeivuka abaki hivyohivyo. Treni pia naruka. Tulifika stesheni ya Chicago tumejaa masizi, na Ambrož alikuwa pale na kofia mkononi, amekonda, amenyoa vizuri. Liduna alimtazama sana. Kisha akamng'ata mkono. Ambrož akalia, mtu mzima yule, mbele ya wapagazi, na alikuwa anacheka papo hapo. Nikageuka nikahesabu mizigo.

Nilimwacha wamalizane, halafu nikamuuliza swali langu. Nyumba iko wapi. Akanitazama kwa unyonge, akasema, "Iko njiani, mama."

Barbora, sikumuuliza tena. Nilimwambia Apolena asifungue kamba za mfarishi. Nilikuwa nimeshakata shauri. Tulipanda tramu ya farasi, mimi nimekaa na mfarishi magotini, nawaza tutakuwa na siku ngapi za kupumzika kabla ya kupanda meli ya kurudi.

Tramu ikaenda, ikaenda, ikasimama. Mbele yetu kulikuwa na tramu nyingine imesimama, na mbele ya hiyo nyingine. Dereva akaanza kutukana kwa lugha yake, na sikuhitaji mkalimani. Abiria wakateremka kwa manung'uniko, inaonekana wamezoea, nasi tukateremka. Tukatembea kando ya barabara kuona kuna nini.

Kulikuwa na nyumba. Imekaa katikati ya barabara, juu ya reli za tramu. Mlango wa kijani. Vigae vimepangwa kwa unadhifu. Bomba linatoa moshi, na kwenye dirisha la jikoni kuna chungu cha ua. Ambrož akavua kofia akasema, "Ndiyo hii." Alieleza kwamba walitegemea kufika kabichini wiki iliyopita, lakini mvua ilinyesha, magogo yakazama, ikabidi kungoja. Liduna akauliza kama Amerika nyumba zote huja stesheni kupokea wageni.

Nilimwambia Ambrož anishikie mfarishi. Niliizunguka nyumba yote, pande zote nne. Niliinama nikatazama chini yake, na chini yake kulikuwa na mwanga, Barbora, naona miguu ya watu wa upande wa pili. Niligonga ukuta. Mbao nzuri. Niligonga tena, pembeni, pale wanapoficha ubovu. Nzuri pia. Watu wa tramu walikuwa wamekusanyika kunitazama. Apolena alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa na machozi yanamtoka, sijui ni ya kicheko au ya kilio.

Ngazi ililetwa. Nikasema sipandi. Siingii nyumba ngeni bila mkate na chumvi kutangulia, na mkate na chumvi haviingii kwenye nyumba inayotembea, kwani baraka itashikaje. Wakati ule farasi alikuwa amesharudi kuzunguka ngoma yake, na nyumba inasogea polepole kuniacha. Msimamizi wa kazi ni Msweden mkubwa, mpole. Ambrož akaenda kumweleza. Sijui alimwelezaje, ila Msweden alinitazama, akavua kofia, akamsimamisha farasi. Dereva wa tramu akarusha mikono juu. Mkate nilikuwa nao, wa kwetu, umekauka vibaya. Chumvi sikuwa nayo. Bibi mmoja wa Kicheki aliyekuwa kwenye ile tramu ya nyuma akajipapasa kapuni akanipa chumvi ndani ya karatasi, akaniambia kwao wakati wa kuhama walisahau, na mumewe akavunjika mguu ndani ya mwaka. Basi tukaviingiza, mkate kwanza, chumvi baadaye, na barabara nzima imesimama kutungoja. Halafu farasi akaendelea.

Sasa tunaishi humu, inakwenda. Asubuhi jirani ni mshona viatu, jioni ni ghala la bia. Juzi nilianza kuchemsha madonge ya unga mbele ya shule na nikayatoa mbele ya duka la majeneza. Nilimpa Msweden, akala manane. Nimeona barabara nyingi kwa kukaa tu jikoni. Mji huu una vishindo, una vumbi, una watu wa kila namna, na kila mmoja anatoka kwao na anakumbuka kwao, na wakiona nyumba inapita wanapunga mkono. Nami nimeanza kupunga. Usimwambie padri.

Jana wakati wa chakula cha jioni Ambrož aliweka kijiko chini. Nilimwona tangu supu kwamba kuna jambo. Akasema, "Mama, umeona. Hukumu yako ni ipi? Utatuachia Apolena?" Apolena akainamia sahani.

Sikumjibu palepale, kwa sababu nilikuwa na jibu lililoandaliwa toka Bremen na nikagundua halinifai tena. Nilikuwa nafikiria nyumba yangu. Imesimama pale tangu wakati wa babu, haijasogea hata unywele. Nami nikamwambia Ambrož hivyo. Nikamwambia, "Nyumba yangu haijawahi kwenda popote, mwanangu, lakini watu wote wameondoka ndani yake. Mume wangu kaburini, wavulana Viena, na huyu nilikuwa namshika upindo. Yako imezunguka mji mzima na watu wote wamo ndani. Usiniulize tena ipi ni nyumba."

Ambrož aliinuka akaniongezea kahawa, ambayo anaipika vibaya, nami nikainywa yote.

Kwa hiyo, Barbora, tiketi ya kurudi nimempa Ambrož akairudishe. Wewe toka nyuma ya zizi la mkaza mwanao, leo, usingoje Jumapili. Hamia kwangu. Chukua kitanda cha dirishani, choma kuni zangu, kahawa iko kwenye kopo la bluu na usimwombe mtu. Watakuita Barbora wa kwa Vondruška, itikia tu. Mimi hapa wameanza kuniita Bibi wa Mlango wa Kijani, na nimeona ni jina linalofaa.

Niandikie upesi habari za kuku. Anuani nitakupa tukishafika.

Dada yako,
Rozálie